Mionzi sio dawa ya aleji, muulize kwanza ilipigwa lini

Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu ile habari yenu ya panya wa maabara waliopigwa mionzi aleji ikapungua. Habari yenyewe sio ya uongo, kilichonikera ni kichwa chake kwamba "mionzi yazima aleji", manake kimeacha jambo kubwa kuliko yote: mionzi ilipigwa lini, kabla mnyama hajadungwa kile kitu cha kumletea aleji, au baada?

Aleji haiji na sindano ya kwanza. Mnyama anadungwa protini ngeni, tuseme ya ute wa yai, mwili unaijua, limfosaiti (seli nyeupe za damu za kinga) zinazaliana na kutoa kingamwili, na ile aina inayoitwa IgE, waliyoigundua watafiti Kimishige na Teruko Ishizaka mwaka 1966, inaenda kujibandika kwenye seli za masti, zile seli za mwilini zinazohifadhi kemikali za aleji. Hapo kunapita siku nyingi, mara nyingi wiki kadhaa, alafu protini ileile ikirudi ndo masti zinamwaga histamini, kemikali inayoleta dalili za aleji. Sasa limfosaiti ni kati ya seli dhaifu kabisa mbele ya mionzi, zinaanza kufa ndani ya masaa, wakati masti zenyewe ni sugu. Ukimpiga panya mionzi mikali siku moja kabla ya sindano ya kwanza, kingamwili hazitengenezwi au zinachelewa sana, kwa hiyo siku ya kupimwa anaonekana hana shida. Lakini ukimpiga wakati kingamwili zimeshajaa, aleji yake iko palepale, na hata mnyama aliyepigwa mionzi akaongezewa damu ya mwenzie mwenye aleji anaweza kupata shambulio wakati yeye mwenyewe hajatengeneza kingamwili yoyote!

Na shambulio lenyewe sio mchezo. Simbilisi, yule mnyama mdogo wa maabara, akidungwa mara ya pili, ndani ya dakika chache anajikuna pua, manyoya yanasimama, anakohoa, hewa inaingia haitoki, anakufa, na akipasuliwa mapafu unayakuta yamejaa hewa, hayanywei. Nyie mnaandika "aleji ikapungua" kama vile ni mafua.

Kitu kingine hamkukigusa kabisa, na kwangu hiki ndo kizito zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kule Japani mtafiti wa kinga Tomio Tada na wenzake waliwapiga panya eksirei ya kiwango kisichoua, karibu na wakati wa kuwachanja, yani kuwadunga ile protini ngeni, na IgE badala ya kushuka ikapanda juu na ikakaa muda mrefu kuliko kwa panya wa kawaida. Maelezo yao ni kwamba mionzi ilikuwa imeua seli T, aina ya limfosaiti, zinazoizuia IgE isizidi, na walipowarudishia panya hao seli za tezi ya thaimasi au za wengu kutoka kwa panya waliokwisha kuchanjwa, IgE ikashuka. Yani mionzi hiyohiyo, kulingana na dozi na siku, inaweza kupunguza aleji au kuichochea, sasa kichwa cha habari cha maneno matatu kinabebaje hayo?

Wasiwasi wangu ni msomaji mwenye mtoto wa pumu au wa kuvimba akila karanga, atasoma pale ataanza kuuliza hospitali kama eksirei itamsaidia. Dozi zinazonyamazisha kinga ya panya ni grei (kipimo cha mionzi inayoingia mwilini) kadhaa mwili mzima, ziko jirani na zile zinazomuua, na picha ya kawaida ya kifua haifiki hata sehemu moja ya elfu kumi ya hapo, kwa hiyo ndogo haitibu kitu na kubwa inaacha mwili bila ulinzi dhidi ya vijidudu, uboho nao unaharibika.

Naomba toleo lijalo mrekebishe kile kichwa, alafu mkiandika tena majaribio ya namna hii mtuwekee alikuwa mnyama gani, dozi kiasi gani, na mionzi ilitangulia sindano au ilifuata. Ni mistari miwili tu, nafasi haikosekani.

Msomaji wenu wa kila siku