Kila ploti ikimwagwa zege, maji yaende wapi?

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee kuhusu haya magorofa yanayojengwa mtaani kwetu Kilimani, maanake mvua kubwa ikinyesha Nairobi kila mtu analaumu mitaro imeziba ama wale wamejenga kando ya mto, na hakuna anauliza hayo maji yametoka wapi yakiwa mengi hivyo na kwa kasi hiyo.

Mimi ni mkazi wa Kilimani. Ploti za huku zilikuwa na nyumba moja moja, bustani, miti na ua wa michongoma, mvua ikinyesha maji mengi yanazama hapo hapo kwa udongo. Siku hizi nyumba inabomolewa, miti inaangushwa wiki hiyo hiyo, besimenti inachimbwa hadi kwa ukuta wa jirani, na kale kanafasi kanabaki mbele kanapigwa kabro yote, yale matofali ya zege ya kutandika chini. Kuna gorofa mpya hapa karibu waliacha mjakaranda mmoja, hapo niliwapongeza, lakini kabro imepangwa hadi kwa shina na pengo lililobaki wakaziba na simiti, saa hii matawi ya juu yameanza kukauka. Halafu angalia mabomba ya paa: yote yameelekezwa barabarani. Paa lote hilo, maji yake yanamwagwa moja kwa moja kwa lami!

Sasa fuata hayo maji. Nairobi imeinama, sisi wa magharibi tuko juu na Eastlands iko chini. Ya kwetu yanaingia kijito cha Kirichwa Ndogo, maji ya Kirichwa Ndogo yanaishia mto Nairobi, na mto ukishapita katikati ya jiji unafika soko la Gikomba, unateremka hadi mitaa ya Korogocho na Dandora. Kwa hivyo mama anayeuza nguo Gikomba akiamka apate mzigo wake umelowa matope, sehemu ya hayo maji yametoka kwa parking zetu.

Baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliamuru watu watoke mita 30 kutoka mtoni, tingatinga zikaingia mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru. Sibishi, kuishi kwa ukingo wa mto ni hatari. Lakini aliyefunika ploti yake yote huku juu hakuulizwa chochote, na hiyo inaniuma sana, kwa sababu unaweza kuhamisha watu wa chini wote na mto bado ufurike tu kama huku juu tunaendelea hivi.

Na si eti hakuna njia. Kuna kabro za matundu zinazoota nyasi katikati, gari linapita na maji yanazama. Kuna kuweka tangi la maji ya paa chini ya jengo, na hili ndilo linanishangaza zaidi, kwa sababu mfereji wetu ni wa mgao, maji mengi ya jiji yanatoka mbali kule Ndakaini, Murang'a, na yakikosa tunaita bauza, lori la maji, na kulipa pesa nzuri, huku yaliyotunyeshea bure tumeyafukuza langoni.

Nataka wanaopitisha ramani za ujenzi kaunti watujibu hapa gazetini: ploti inatakiwa kubaki na udongo wazi kiasi gani, na nani huja kupima jengo likishaisha?

Mkazi,
Kilimani, Nairobi