Barua ya wazi kwa wanangu mnaosoma Hispania

Wanangu,

Si kawaida yangu kuandika marefu. Kwenye kundi lenu mimi ni mtu wa kutuma sauti na dua za Ijumaa, basi. Lakini tangu nipigiwe ile simu ya hospitali sijatulia, na nikikaa kimya nitakuwa nimejiunga nanyi.

Kwa walio mbali na Madrid ambao hawajapata habari: mwenzenu alianguka na baiskeli usiku akipeleka chakula cha watu, na mguu umevunjika. Jina silitaji, nanyi msilitaje. Wanaomjua wanamjua. Atapona, na niseme haki ya watu, walimtibu kwanza, karatasi wakauliza baadaye. Ila karatasi zilipoulizwa ndipo mengine yakafumuka. Kadi yake ya ukaazi ilikwisha muda mwaka jana. Darasani hajakanyaga tangu alipoanguka mitihani ya muhula wa pili. Akaunti ya kazi kwenye hiyo kampuni ya kupeleka chakula si yake, anaikodi kwa mtu kwa malipo ya kila wiki. Kwa hiyo kwenye vitabu vya kampuni aliyekuwa barabarani usiku ule ni mtu aliyelala kwake, mzima, hana hata mchubuko. Na kule nyumbani mama yake amekwisha kununua vitenge vya sare za mahafali.

Vitenge vilinitoa machozi. Kilichonitia hasira ni kingine. Kijana huyu anakaa nyumba moja na wenzake watatu, wote wanafunzi, wote wa kwetu, na wote walijua. Walimwona akitoka jioni na ule mkoba mkubwa wa mraba mgongoni, akirudi usiku wa manane. Walimpiga picha mbele ya jengo la kitivo ambacho hasomi tena, naye akazituma kwao. Nilipouliza kwa nini hakuna aliyefungua mdomo, mmoja akanijibu kwa adabu kabisa: "Shangazi, yale ni mambo yake binafsi."

Mambo yake binafsi! Basi kodi yake ya nyumba mbona mmeileta kwenye kundi tuichangie? Ikiwa ni siri ni yake, ikiwa ni deni ni letu sote? Ninyi mmekulia mitaa ambayo mtoto akitoroka shule, habari zinafika kwao kabla yake. Mlikuwa mkichukia, najua, hata mimi nilichukia. Lakini mmevuka bahari mkaiacha ile tabia nzima, jema na baya lake, na badala yake mmeokota hii ya kupita mlangoni kwa mtu anayezama mkasema mnamheshimu. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Safari hii tumefichuliwa na gari la wagonjwa, tushukuru.

Nitalikalia hili la mitihani, kwa sababu uongo wake ulianzia hapo.

Hapa alama zinakwenda kuanzia 0 hadi 10, na 5 ni kufaulu. Mtoto aliyezoea kuwa wa kwanza tangu darasa la kwanza anapata 3.8 kwenye somo lililofundishwa kwa Kihispania cha mbio, anaona dunia imekwisha. Haijaisha. Wahispania wenyewe wanaanguka, tena bila haya, wanakwenda kunywa kahawa wakilalamika kwa sauti. Kuna mtihani wa kawaida na kuna wa ziada, ule wa extraordinaria. Ukianguka na huo, unaandikisha somo upya mwaka unaofuata. Vyuo vya umma vinatoza zaidi somo likiandikishwa mara ya pili, na mara ya tatu zaidi tena, kwa hiyo sisemi ni mchezo. Nasema ni gharama inayohesabika. Mzazi angeambiwa Julai, angegomba Julai, Agosti angekuwa amepoa, Septemba mngekuwa mnatafuta pamoja hiyo pesa ya nyongeza.

Halafu kuna jambo linaloniudhi kila nikilifikiria. Walimu wa vyuo vya hapa wana saa zao za wiki za kumpokea mwanafunzi ofisini. Zinaitwa tutoría, zimebandikwa kwenye ukurasa wa somo, na ada yenu imekwisha kuzilipia. Nani kati yenu amewahi kwenda? Nimeuliza wengi, na wengi mmeniangalia viatu. Mnaogopa. Mmebeba mpaka huku ile hofu ya mlango wa mwalimu mkuu, ambako anayeitwa ofisini ameitwa kuchapwa. Bibi ninayemhudumia hapa Getafe, mji wa pembeni ya Madrid, alifundisha miaka mingi. Siku hizi anasahau kama amekunywa dawa, lakini wanafunzi wake anawakumbuka. Aliniambia kwamba aliyemwia vigumu kumsaidia hakuwa mjinga wala mvivu, alikuwa yule aliyekaa nyuma, akaitikia kwa kichwa muhula mzima, asigonge mlango hata mara moja. Nilipomsikia nikawaona ninyi wote mmekaa safu ya nyuma mkiitikia kwa kichwa.

Nendeni. Semeni, "Profesor, hili sikulielewa." Kihispania kikivunjika, kivunjike. Hakuna atakayewachapa.

Na ikiwa si somo ni moyo, huna usingizi, huamki kitandani, mawazo yamekuwa meusi, hilo nalo lina mlango. Vyuo vingi vina wataalamu wa ushauri wa nafsi kwa wanafunzi, ulizeni kitivoni. Kuna namba 024 ya serikali kwa mtu aliyefikiwa na fikira za kujiua, inapokea mchana na usiku bila malipo. Mkumbuke na 112 kwa dharura yoyote. Msiniambie sisi hatuna maradhi hayo. Tunayo, tumezoea kuyaita uchovu.

Sasa karatasi. Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu nimekwisha kusema mpaka sauti imekauka. Aliyekuja kwa zaidi ya miezi sita ana mwezi mmoja tangu aingie nchini wa kuomba kadi ya TIE, ndiyo hiyo kadi ya ukaazi ya mgeni. Alama za vidole zinachukuliwa polisi, kwa miadi, hiyo cita previa inayowaliza. Miadi ni bure. Anayekuuzia anakuuzia chako. Jiandikisheni manispaa mnakoishi, hilo la empadronamiento, maana bila hiyo karatasi utakwama mlango baada ya mlango. Na mwenye nyumba anayesema, "Chumba nakupa ila usijiandikishe," mjue mapema mnayeingia naye. Kuongeza muda kunaombwa ndani ya miezi miwili kabla ya muda kwisha. Kuna miezi mitatu mingine baada yake, ila hapo unaweza kupigwa faini, kwa hiyo msiifanye ndiyo mpango. Kijana wetu aliiacha yote ipite, kwa kuwa wangemdai ushahidi wa masomo, naye ushahidi hana. Angekwenda na alama zake mbaya ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni mwake siku ileile, kungekuwa na la kuzungumza. Alikwenda kukodi akaunti.

Tena msichukue ushauri wa sheria kwa mtu aliyekuja 2018 anayejua kila kitu. Kanuni mpya za wageni zilianza kutumika tarehe 20 Mei 2025, na mengi aliyoyapitia yeye yamebadilika. Chama cha mawakili cha mji, colegio de abogados, katika miji mingi kina ushauri wa bure. Ndiko tulikompeleka huyu, ingawa tumemfikisha amechelewa.

Kazi sikatazi. Mimi mwenyewe nakula jasho langu kwa kuinua wazee kitandani. Mwanafunzi wa elimu ya juu anaruhusiwa kufanya kazi hadi saa 30 kwa wiki, mradi haigongani na masomo, na saa 30 si haba. Lakini iwe kwa jina lako na kwa mkataba, ili uandikwe kwenye Seguridad Social, yaani hifadhi ya jamii, na siku ukianguka awepo wa kuwajibika. Anayekukodisha akaunti yake hakusaidii. Anakaa kwake kwenye joto na wewe unamzungushia pedali mwezi wa Januari.

Wazazi, najua barua hizi huwa zinawafikia, basi na ninyi nina neno nanyi. Ubalozi unapotaka uthibitisho wa pesa ya kujikimu, unahesabu kama euro 600 kwa kila mwezi. Kiwango hicho ni cha kumfanya mtoto aishi, na Madrid au Barcelona chumba peke yake kinaweza kuimeza karibu yote. Wengi wenu mnajua pesa ile mliifanyaje: mliazima kwa mjomba, ikakaa benki mpaka taarifa ikapigwa muhuri, ikarudi kwa mjomba. Mtoto akapanda ndege na karatasi. Amefika wiki ya pili anapigiwa simu, bati za nyumba zimepanda bei, mdogo wake anadaiwa ada, harusi ya binamu inakuja na yeye ndiye "wa Ulaya". Mnamwomba nani? Mnamwomba mwanafunzi. Halafu mnamsifu kwa picha. Akituma picha yuko kwenye bustani ya Retiro mnaisambaza ukoo mzima. Akituma neno kwamba mambo magumu mnamwambia avumilie, wenzake mbona wameweza. Mmemfundisha ninyi wenyewe kipi atume na kipi afiche.

Na wale mawakala wanaozunguka miji yetu na vipeperushi wakisema, "Ukifika tu utajisomesha mwenyewe," Mungu anawaona. Kama kuna mmoja aliyewahi kurudi kuuliza mtoto aliyempeleka amefikia wapi, sijamsikia.

Mama wa kijana wetu alipoambiwa kwa simu alipiga kelele, akalia, akakata simu. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, mimi ndiye niliyemlazimisha kijana apige. Baada ya nusu saa mama akapiga mwenyewe kuuliza nani anampikia uji. Miezi yote ile mtoto alikuwa anaiogopa simu ile kuliko polisi. Na vitenge, mama, haviozi, viwekwe kabatini.

Mengine nayataja tu, kwa wageni wa mwaka huu. Msitume amana ya chumba ambacho hamjakiona kwa macho, hata picha ziwe nzuri vipi. Someni orodha ya masomo kabla ya kujiandikisha: Barcelona na Valencia somo linaweza kufundishwa kwa lugha ya huko, na Kihispania chako cha miezi sita kisikufae. Chakula cha mchana ni saa nane, cha usiku saa tatu au saa nne. Ukienda mkahawani saa kumi na mbili jioni kutaka kula utatazamwa. Jumapili maduka mengi yamefungwa. Agosti msipange shughuli ya ofisi, nchi iko pwani. Msalimieni jirani kwenye lifti, kunyamaza humo ni ufidhuli. Msiokula nguruwe, ulizeni hata kwenye dengu na mbaazi, wanatia vipande na msivione. Granada na Madrid kuna baridi, msidanganywe na picha za ufukweni, na nyumba nyingi za kusini hazina joto la ukutani: wanaweka jiko dogo la umeme chini ya meza na kitambaa kizito juu ya magoti, nanyi fanyeni hivyohivyo ila msilale mmeliacha likiwaka. Unga wa mahindi wa arepa, ile mikate ya Venezuela na Kolombia, unasonga ugali, lakini umekwisha kupikwa kiwandani, ndiyo maana hauwi kama wa kwetu, msilaumu mkono. Bamia, mihogo na ndizi za kupika ziko mtaa wa Lavapiés, Madrid.

Na Kihispania, wanangu. Mnakaa wanne nyumba moja mkisema Kiswahili mpaka usingizini, halafu mnashangaa mtihani. Nami napenda Kiswahili, lakini mmoja wenu atafute nyumba ya kukaa na wenyeji, mwingine aende darasa la bure la manispaa, mwingine akae na wazee bustanini, wana maneno mengi na hawana wa kumwambia.

Jumapili niko nyumbani kuanzia saa nane mchana. Kila anayekuja aje na kadi yake, tutazisoma tarehe moja moja kabla hamjashika sahani. Wale watatu nanyi mje, nimewakasirikia, sijawafukuza. Na anayemjua mwingine aliyeacha masomo kimyakimya asisubiri Jumapili, namba yangu mnayo. Atakayetaka kubeba chakula aje na chombo chake, vyangu mnavyochukua havirudi.

Shangazi yenu,
Getafe