Kifundo Kilichoteguka: Kabla ya Maji ya Moto na Kabla ya Mechi Ijayo

Wachezaji wengi wanaofika katika kliniki yetu ya osteopathi, yaani tiba ya mikono, hapa Tanga, hasa wa mechi za ndondo, yaani soka la mtaani, huja na kifundo cha mguu kilichoteguka, ambacho mara nyingi kimeshakandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa nguvu usiku uleule wa kuumia. Kukanda kuna wakati wake, lakini si katika siku mbili za mwanzo, kwa kuwa joto huongeza damu mahali palipoumia na uvimbe huzidi. Katika muda huo funga bandeji, pandisha mguu juu ya mto, weka barafu iliyofungwa katika kitambaa kwa dakika 15 hivi, kisha anza kuukanyagia taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Ikiwa huwezi kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo kwa nyuma unapata maumivu makali, usije kwetu kwanza. Nenda Hospitali ya Bombo ukapigwe eksirei. Osteopathi haiungi mfupa uliovunjika, na anayekuahidi hivyo mwogope.

Tiba hii, iliyoasisiwa Marekani na daktari Andrew Taylor Still mwaka 1874, hutumia mikono kuchunguza na kulegeza viungo na misuli. Mtaalamu hukikamata kifundo kwa mikono miwili na kuusukuma nyuma mfupa wake wa mbele, kidogo kidogo, mpaka goti liweze tena kwenda mbele bila kisigino kunyanyuka. Kisha hukagua goti na nyonga, kwani anayechechemea huuelemeza uzito upande wa pili. Hata hivyo mikono peke yake haitoshi, na hapo ndipo wateja wengi hutuponyoka: maumivu yakiisha, hawarudi. Kano iliyovutika hupunguza uwezo wa mguu kuhisi ulivyokanyaga, ndiyo maana aliyeteguka mara moja huteguka tena kwa urahisi kuliko mwenzake. Dawa yake ni kusimama kwa mguu mmoja kila siku, kwanza macho yakiwa wazi, baadaye yakiwa yamefumbwa, kwa majuma kadhaa.

Makocha tunawapendekezea programu ya kupasha misuli ya FIFA 11+ ya mwaka 2006, yenye dakika kama 20 za kukimbia, kujenga nguvu, kujiweka sawa na kuruka, angalau mara mbili kwa juma. Tafiti zimeonyesha majeraha yakipungua kwa takribani theluthi moja katika timu zinazoifuata kweli, si zile zinazozunguka uwanja mara mbili na kusema zimepasha misuli.

Unapokuja kwa mara ya kwanza, leta viatu unavyochezea jinsi vilivyo, hata kama soli imelika upande mmoja.