Mihadhara ya kompyuta ya jioni, ongeeni Kiswahili bwana

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni wakala wa pesa hapa Tanga, naomba kanafasi niongelee hii mihadhara ya jioni ya kompyuta na teknolojia iliyoanza kufanyika mjini, ya bure, anaingia yeyote. Wanaoandaa nawapa hongera, sina ugomvi nao. Lakini jamani.

Alhamisi ile nimefunga kibanda saa kumi na moja, wateja nimewaacha wamesimama, nafika ukumbini wanahangaika na projekta mpaka adhana ya magharibi ikatukuta hapohapo, watu wakatoka kuswali na nusu yao hawakurudi. Tuliobaki tukapigwa slaidi za Kiingereza saa nzima, mara klaudi, mara enkripsheni, na kijana mwenyewe ni mtoto wa Ngamiani kabisa, Kiswahili anakimwaga vizuri tu akiwa kwenye soda. Mama mmoja mbele yangu alishajifunika kitenge amelala.

Sasa huyo mama ndo alituokoa. Muda wa maswali akaamka akasema mwanangu, juzi mtu kanipigia eti kuna namba sita zimeingia kwenye simu yangu kwa bahati mbaya nimtajie, nikamtajia, sasa WhatsApp yangu inakopa watu hela na shemeji yangu keshatuma elfu hamsini, hiyo ndo klaudi?

Watu tulicheka mpaka basi. Kijana akaachana na projekta, akakaa kwenye kona ya meza, akaanza kuongea kama mtu. Kwamba zile namba sita ndo ufunguo, ukimpa mtu anafungua WhatsApp yako kwenye simu yake. Akamwambia asajili upya namba yake, meseji nyingine ya namba sita ikaingia, akaziweka, tapeli akatolewa palepale. Ila huyo tapeli alikuwa keshaweka namba yake ya siri, kwahiyo mama ikabidi asubiri siku saba ndo arudi hewani. Sisi wengine tukaambiwa twende kwenye mipangilio ya WhatsApp, akaunti, uthibitisho wa hatua mbili, kila mtu aweke namba yake ya siri kabla hajawahiwa. Ukumbi mzima simu mkononi, dakika kumi tu, na hizo dakika kumi ndo nilizoondoka nazo. Na mimi nikaongezea la kwangu kwamba zile meseji za "ile pesa tuma kwenye namba hii" zitumeni 15040, namba ya kuripoti matapeli, msizifute tu.

London kuna Gresham College, tangu 1597 wanatoa mihadhara ya bure kwa wananchi, hawatoi digrii, na siku hizi wana profesa wa teknolojia ya habari pia. Enzi hizo walikuwa wanafundisha kwa Kilatini na kwa Kiingereza ili hata mtu wa mjini aelewe. Yani Waingereza wenyewe waliona lugha ya wasomi peke yake haitoshi, sisi tunaona aibu gani?

Naomba iwe baada ya isha, iwe Kiswahili, na maswali yaanze ndo slaidi zifuate. Tangazo la mwezi ujao nimeliona limebandikwa sokoni, mada akili mnemba (hiyo AI), saa kumi na moja tena, Kiingereza juu mpaka chini. Yule mama keshanipitia kibandani ananiuliza kama inawezekana aulize swali lake mapema kabla hajasinzia.

Wakala, Tanga