Barua kwa mjomba: huo ukuta wa Rhodes walikuwa wanamwogopa nani?

Shikamoo mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na watu wote kwenye meza ya jirani nao wameusikiliza, maana ulikuwa unaongea kwa sauti ya kumwita tingo aliyelala. Nilikutumia picha ya ukuta wa mji mkongwe wa Rhodes, kule Ugiriki, ukauliza: "Sasa huo ukuta wote, walikuwa wanamwogopa nani?" Nikacheka, kisha nikaona swali lako ni zuri kuliko yote niliyoyasikia kwa watembeza wageni wa pale. Nakujibu hapa hadharani, kwa sababu ndugu wengine nao wanauliza likizo nzima nilikuwa naangalia mawe ya nini.

Ukuta wenyewe una urefu wa karibu kilomita 4, unauzunguka mji wote, na upande mmoja unateremka mpaka bandarini. Wageni wengi huingia kwa lango la bandari, wakanunua kofia na sumaku za friji, wakatoka. Mimi nilianzia nje, chini, kwenye handaki. Ni handaki pana lililochimbwa kuuzunguka ukuta upande wa nchi kavu, na halikuwahi kutiwa maji. Leo limeota majani, watu wanakimbia humo asubuhi, na kuingia hakuna kiingilio. Ukisimama katikati yake una ukuta kushoto na ukuta kulia, na juu kipande cha mbingu. Ndipo unapoelewa hesabu ya aliyelijenga: askari akishatumbukia humu, hana pa kujificha.

Na humo humo chini yametapakaa mawe ya mizinga. Mviringo kamili, yamechongwa kwa mkono, mengine madogo ya kubebeka, mengine yananifika magotini. Moja nililigusa, lina alama za patasi bado. Fundi fulani alikaa kitako akalichonga likalingana pande zote, kumbe kazi yake ni kurushwa mara moja tu.

Sasa jibu lako. Waliokuwa ndani walikuwa watawa waliobeba panga, Shirika la Mtakatifu Yohane. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuuguza mahujaji Yerusalemu, baadaye wakawa askari, na walipofukuzwa Palestina wakakiteka kisiwa hiki mwanzoni mwa miaka ya 1300. Walitoka Ufaransa, Italia, Uingereza, Uhispania na Ujerumani, na kila kundi la lugha moja lilipewa kipande chake cha ukuta kukilinda. Waliyemwogopa ni Mwosmani, yaani dola ya Waturuki wa enzi hizo. Mwaka 1480 Waosmani walikuja wakashindwa. Mwaka uliofuata tetemeko la ardhi likaja likabomoa, watawa wakajenga upya, mara hii kwa unene wa kukabili baruti.

Mwaka 1522 akaja mtawala wao, Sultani Suleiman mwenyewe, kijana bado, hajafika hata miaka 30. Mizinga ilipokuwa haitoshi, watu wake wakachimba mashimo chini ya ukuta ili watege baruti. Hapa kuna jambo utakalolipenda. Watawa walikuwa na fundi wa Kiitaliano, Gabriele Tadini. Alitandaza ngozi kama za ngoma chini ya ardhi, akazifunga njuga. Adui akipiga sururu huko chini, ngozi inatikisika, njuga zinalia, na wao wanajua waelekeze wapi shimo lao la kumzuia. Nilisimama mahali ukuta ulipotobolewa nikajaribu kuwaza usiku ule: watu mamia kimya, wanasikiliza njuga.

Haikusaidia mpaka mwisho. Baada ya miezi kama sita wakakubali kuutoa mji kwa masharti, na tarehe 1 Januari 1523 wakaondoka na meli zao, Sultani kawaruhusu. Mwaka 1530 wakapewa Malta. Kwa hiyo ukisikia habari za wale watawa wa Malta, ni hawa hawa.

Ndani ya mji sitakuchosha. Upo mtaa wa Ippoton, umenyooka, umetandikwa kokoto, na nyumba zake ndizo zilizokuwa makao ya yale makundi ya lugha. Ni mzuri mapema kabla watu wa meli za kitalii hawajashuka. Baada ya hapo ni migongo ya watu tu. Juu yake kuna kasri la Mkuu wa Shirika, na kila mtu atakwambia usilikose. Mimi nasema ukichoka likose. Kasri la zamani lililipuka mwaka 1856 kwa baruti iliyosahaulika karibu yake, na hili tunaloliona Waitaliano walilijenga mwishoni mwa miaka ya 1930, walipokuwa wanakitawala kisiwa. Sakafu za picha za vijiwe zilizomo ni za kale kweli, ila zimeletwa kutoka kisiwa jirani cha Kos. Linapendeza, lakini unaona kabisa mtu alitaka kukuonyesha ukubwa wake.

Hospitali yao ndiyo nisingeiacha. Ilianza kujengwa mwaka 1440, sasa ni makumbusho. Ghorofani kuna ukumbi mrefu wa wagonjwa, dari ya mbao, safu ya matao ya mawe katikati. Pamepoa humo ndani hata jua la Julai likiwa linachoma nje.

Na lile sanamu kubwa la kale unaloniuliza kila mara, lililotanua miguu juu ya mdomo wa bandari, meli zikipita katikati? Lilikuwepo, la shaba, urefu wa mita 30 na kitu, ila halikutanua miguu hivyo. Hiyo ni michoro ya watu wa baadaye. Lilianguka kwa tetemeko mwaka 226 kabla ya Kristo, halijakaa hata miaka 60. Leo mdomoni mwa bandari ya Mandraki kuna nguzo mbili zenye sanamu ndogo za paa, dume na jike, watu wanapiga picha, wanaridhika.

Baada ya 1522 mambo yaligeuka. Wagiriki Wakristo walikatazwa kulala ndani ya ukuta. Mchana waliingia kufanya kazi na biashara, jua likizama walitakiwa wawe nje. Ndani wakabaki Waislamu na Wayahudi. Msikiti wa Suleiman upo mpaka leo, mwekundu kidogo, na mkabala wake maktaba ya Waislamu iliyoanzishwa mwaka 1793, yenye misahafu iliyoandikwa kwa mkono. Wapo bado Waislamu wanaozungumza Kituruki hapo Rhodes. Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilipobadilishana watu, kisiwa kilikuwa mikononi mwa Italia, kwa hiyo hao hawakuguswa.

Lakini sehemu niliyokuwa nataka kukuandikia hasa, mjomba, ni mashariki ya mji, mtaa wa Wayahudi. Wageni hawafiki sana huko. Wanaishia kwenye uwanja wenye chemchemi ya samaki-farasi, wanakula barafu tamu, wanarudi. Ukiingia vichochoro vya nyuma utakuta sinagogi la Kahal Shalom, la mwaka 1577, kongwe kuliko yote yanayotumika Ugiriki. Sakafu yake ni vijiwe vyeusi na vyeupe vilivyopangwa kwa maua. Wengi wa watu wake mababu zao walifukuzwa Uhispania mwaka 1492, na mpaka karne iliyopita nyumbani walizungumza Kihispania chao cha kale.

Mji huu ulikuwa mdogo na maskini, kwa hiyo vijana wake walianza kuhama mapema karne ya 20. Na wengi walihamia wapi? Kongo ya Wabelgiji. Elisabethville. Yaani Lubumbashi yako, mjomba! Huko unakokwenda na tangi la mafuta, ukakaa foleni mpakani Kasumbalesa mpaka ndevu zikaota. Walifungua maduka Katanga, wakaita ndugu zao, wakajenga sinagogi. Waitaliano walipotoa sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi mwaka 1938, wengine zaidi wakaondoka.

Hapo sasa ukae vizuri. Moïse Katumbi, yule wa TP Mazembe, timu ya mpira ya Lubumbashi, aliyekuwa gavana wa Katanga, baba yake Nissim Soriano alikuwa Myahudi wa kutoka Rhodes. Samatta alipotoka Simba mwaka 2011 kwenda Mazembe, na wewe ukanuna wiki nzima, alikuwa anakwenda kuchezea timu ya mtoto wa mtu wa kisiwa hiki.

Waliobaki Rhodes walikutwa na Wajerumani, walioshika kisiwa mwaka 1943 baada ya Italia kusalimu amri. Julai 1944 wanaume waliitwa kujiandikisha, kisha wanawake na watoto, na tarehe 23 wakateremshwa bandarini, zaidi ya watu 1,600, wakapakiwa kwenye mashua za mizigo mpaka Piraeus, bandari ya Athene, na kutoka hapo kwa treni mpaka kambi ya mauaji ya Auschwitz. Waliorudi wakiwa hai ni kama 150. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, aliwang'ang'ania waliokuwa na uraia wa Kituruki na jamaa zao, akawaokoa zaidi ya 40. Uliuliza walikuwa wanamwogopa nani. Hawa hakuna aliyewazingira kwa mizinga wala sururu. Walitolewa kwa orodha, kupitia njia ile ile ya bandarini.

Ukutani sinagogini yameandikwa majina ya koo, mengi, na hakuna anayekuharakisha. Jamaa wa zamu alisikia nazungumza Kiswahili na mwenzangu, akauliza tunatoka wapi, kisha akatuambia wageni wao wengine wana babu aliyezikwa Kongo.

Mambo madogo, endapo binti yako atakukatia tiketi kweli: usije Julai wala Agosti. Mitaa ya katikati wahudumu wanakuita rafiki toka mbali. Uliza bei ya kinywaji kabla hakijamiminwa. Kula pitaroudia, ni kama bajia, ya dengu na nyanya na mnanaa, ni chakula chao hasa. Na viatu viwe vya soli nene, zile kokoto hazina huruma.

Ukishusha mzigo Lubumbashi safari ijayo, uliza sinagogi liko wapi, upige picha ya nje tu inatosha. Nataka kumtumia yule jamaa wa zamu. Msalimie mkaza mjomba, mwambie mafuta ya zeituni aliyoagiza nimemwekea.

Mpwa wako