Mamba anayechekesha: kasoro za filamu za wanyama wauaji na jinsi tunavyozirekebisha

Wateja wengi hutuletea filamu ikiwa imeshapigwa yote na kuhaririwa nusu, na ombi huwa moja: mamba hatishi, tutengenezeeni mwingine. Mara nyingi mamba mwenyewe hana kasoro kubwa. Ameachwa kwenye skrini sekunde nane, mwili mzima, mchana kweupe. Katika sekunde nane mtazamaji huona kila mshono.

Filamu hizi zinastahili kutengenezwa vizuri, kwa sababu zinampa mtu mwenye fedha kidogo vitu ambavyo hadithi nyingine hazimpi. Waigizaji wanne wanatosha, na mahali pamoja pasipo njia ya kutokea. Mnyama haelezi kwa nini anaua, habembelezeki wala hahongeki. Hofu ya nyoka au ya maji yenye giza mtazamaji anakuja nayo kutoka nyumbani, wewe hujaigharamia.

Mfano mzuri ni Open Water ya mwaka 2003. Chris Kentis aliipiga kwa kamera ndogo za dijitali: wapiga mbizi wawili waliosahauliwa baharini, na papa wa kweli wakiwazunguka. Sehemu kubwa ya filamu ni vichwa viwili juu ya maji, na inatisha.

Basi kazi ya kwanza hufanyika kwenye skripti, kabla kamera haijawashwa. Tia alama kila mahali mnyama anapotokea, kisha gawa shoti hizo, yaani picha zinazopigwa bila kukatiza kamera, katika makundi matatu: dalili, kipande, mzima. Dalili ni nyasi zinazolala zenyewe, maji yanayovimba, mbwa aliyekuwa akibweka kisha akanyamaza ghafla. Kipande ni jicho, mkia, ukingo wa taya. Kwa bajeti ndogo tunashauri mnyama mzima asizidi shoti sita katika filamu yote, kila moja kati ya fremu (picha moja moja za filamu) 12 na 36, yaani nusu sekunde hadi sekunde moja na nusu kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde. Zilizobaki zihamishie kwenye dalili.

Katika Jaws ya Steven Spielberg, mwaka 1975, papa wa mashine alikuwa akiharibika kila mara kwenye maji ya chumvi, na zaidi ya saa nzima hupita kabla hajaonekana vizuri. Baadaye mapipa ya njano yanayoburutwa juu ya maji ndiyo yanayoonyesha alipo. Pipa na kamba ni vitu ambavyo mtengenezaji yeyote anavimudu.

Ukitaka mnyama wa kushikika, usijenge mwili mzima. Jenga kichwa na shingo, na fedha yote iingie hapo. Kwa matukio ya majini tunatumia ngozi ya silikoni. Povu la mpira hunyonya maji, huwa zito, na taya huanza kufunga polepole. Jicho lipakwe glisarini kabla ya kila shoti, maana jicho kavu halirudishi mwanga, na hapo ndipo kichwa kizima kinapokufa. Anayekiendesha asikigeuze kwa mkupuo. Jicho litangulie, kichwa kifuate, shingo ije mwisho, na koo liendelee kupumua hata mnyama akiwa ametulia. Kupumua huko kunaaminisha kuliko meno.

Mfano mdogo, yaani mnyama au mandhari iliyojengwa kwa udogo kuliko ukubwa halisi, una hesabu yake. Kasi ya kupigia huzidishwa kwa kipeuo cha pili cha mara ulizopunguza ukubwa. Mfano wa robo ya ukubwa halisi upigwe mara mbili ya kasi ya kawaida, fremu 48. Wa sehemu moja ya 16, mara nne, fremu 96. Usipofanya hivyo maji yataruka na kuanguka haraka mno, na kila mtu atajua ni beseni. Matone ya maji hayapungui ukubwa hata hivyo, kwa hiyo mfano ulio chini ya robo tunaukwepa kwenye tukio lolote la majini.

Mnyama wa kompyuta huharibika kwa sababu nyingine: hagusi kitu. Hana kivuli pale mguu unapokanyaga, weusi wake ni mweusi kuliko weusi wa picha, na anapokimbia hana ukungu wa mwendo (picha kufifia kwa sababu ya kasi) wakati mwigizaji aliye kando yake anao. Kwa kila shoti ya namna hiyo piga pia mahali palepale pakiwa patupu, kisha na mpira wa kijivu na mpira unaong'aa vinavyotuonyesha mwanga ulivyoanguka, bila kugusa kamera wala taa. Andika lenzi na kimo cha kamera. Kwenye maji, buruta dumu kwa kamba chini ya uso ili mawimbi yawe ya kweli. Dumu tutalifuta sisi. Waigizaji nao wapewe alama moja ya kutazama kwenye fito, kwa kimo cha jicho la mnyama, maana macho manne yanayotazama sehemu nne hakuna uhariri unaoyatibu.

Chagueni pia mnyama anayestahili. Night of the Lepus ya 1972, filamu ya sungura wakubwa wauaji, ilipiga sungura wa kufugwa kwenye seti ndogo kwa mwendo wa polepole, na wakabaki sungura.

Sauti ndiyo tiba ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayoachwa hadi wiki ya mwisho. Mngurumo wa simba kwenye mdomo wa mamba husikika kuwa wa kuazima. Tunajenga tabaka tatu: pumzi, koo, na uzito wa mwili unaogusa ardhi au maji. Kabla ya shambulio tunaondoa wadudu na upepo kwa sekunde mbili tatu. Cat People ya 1942 ina mwanamke ndani ya bwawa la kuogelea gizani, vivuli ukutani na mngurumo unaorudi kutoka kwenye kuta, na hakuna zaidi.

Filamu iliyokwisha kupigwa tunaweza kuifupisha, kuitia giza, kuipa sauti mpya na kubadilisha mnyama katika shoti chache. Maji yaliyoungua kwa mwanga na kuwa meupe hatuwezi kuyarudisha. Tutumieni skripti yenye alama za makundi yale matatu, shoti mbili za majaribio zilizopigwa mahali halisi saa halisi ya tukio, na orodha ya lenzi. Tutawarudishia hesabu ya shoti: zipi zibaki, zipi ziwe dalili, zipi zifutwe.