Barua ya wazi kwa Waziri: data za machimbo zibaki Zanzibar

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale, Zanzibar,

Assalamu alaykum.

Kwa miaka mingi nimekuwa msaidizi kwenye machimbo ya kale, Unguja na Pemba, na nimeshuhudia daftari zikipisha vishikwambi. Mabadiliko haya nayaunga mkono kwa moyo wote. Karatasi huloa jasho, wino ukatawanyika. Kwenye kishikwambi, picha, vipimo na maelezo ya kila tabaka la udongo hukaa pamoja, na fomu ikitengenezwa vizuri hukataa namba moja kutumika mara mbili. Wachimbaji wa Pompeii, mji wa kale huko Italia, walianza kuvitumia vishikwambi mwaka 2010. Hapa kwetu makarani wa sensa ya 2022 walipita navyo nyumba kwa nyumba, kwa hiyo hakuna wa kusema hatuviwezi.

Linaloniuma ni kwamba timu ya wachimbaji kutoka nje ikifunga mizigo, mara nyingi data huondoka nayo. Vigae vya vyungu na shanga hubaki ghalani, lakini maelezo ya kila kimoja kilitoka shimo gani na tabaka gani yamo kwenye kompyuta ng'ambo. Na tabaka likishachimbwa limekwisha, hakuna wa kurudi kulitazama.

Mheshimiwa, chukua mfano wa Mtambwe Mkuu, makazi ya kale huku Pemba. Mwaka 1984 zilipatikana pale sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Zile zilizopigwa pwani hii zina majina ya watawala, mwaka hazina. Zilikuwa pamoja na dinari chache za dhahabu zenye tarehe, na kwa hizo wataalamu wakapata pa kuziweka: karne ya 11. Isingeandikwa kwamba zilitoka mahali pamoja, leo tungekuwa na majina ya wafalme tusiojua waliishi lini.

Naomba basi kibali cha kuchimba kiwe na sharti: kabla ya kuondoka, timu ikabidhi nakala kamili ya data. Majedwali yawe katika faili za CSV, ambazo kompyuta yoyote inazifungua, si katika programu ya kulipia pekee. Picha ziwe za ukubwa wake wa asili, na vifupisho vyote vifafanuliwe. Afisa wetu azifungue faili hapohapo, azilinganishe na mifuko ya vigae, ndipo atie saini. Nimeona diski ikipokelewa kwa shukrani na ndani haina kitu cha kufaa.

Fomu nazo ziwe za Kiswahili. ODK, programu huria, inaruhusu fomu moja kuwa na lugha kadhaa na inafanya kazi bila intaneti, jambo kubwa kwa anayechimba Tumbatu au Ras Mkumbuu. Anayeshika mwiko ndiye wa kwanza kuona udongo umebadilika kutoka mchanga kuwa majivu; mara nyingi ni kijana wa kijijini. Mpeni fomu anayoielewa aandike mwenyewe.

GPS ya kishikwambi hukosea kwa mita kadhaa, hivyo vifaa vya upimaji bado vinahitajika. Idara inunue seti moja ya kuazimisha.

Timu zilizokwisha kuondoka nazo ziandikiwe barua, ziombwe nakala. Ningeanza na zilizochimba Unguja Ukuu, makazi ya tangu karne ya 7 hivi, kwani huko bahari inazidi kuula ufukwe.

Wako mtiifu,
Msaidizi wa uchimbaji, Wete, Pemba